Nilisema Pale Hapana Mtu

Mwishoni mwa mwaka 2022 niliandika makala ya kulitetea bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Humo nilidai kwamba nyika ya Kiteto, kuelekea Kilindi, ni pori tupu, na kwamba wanaoilalamikia wanaililia ardhi isiyo na mwenyewe. Dai hilo lilikuwa la uongo. Hakuna aliyenidanganya. Nililitunga mwenyewe, nikaliamini, nikalichapisha, na wapo watu walioumia kwa sababu yake. Ninayoandika leo ni maungamo.

Nitaeleza kwanza kilichonisukuma, kwa sababu kosa langu lilizaliwa humo. Mimi ni mtu wa Tanga. Mwaka 1964 nchi hii ilivuna karibu tani 230,000 za mkonge, na Tanga ndiyo iliyokuwa moyo wa zao hilo. Kizazi changu hakikuuona utajiri ule. Tulichorithi ni mashamba yaliyomezwa na vichaka, viwanda vilivyofungwa milango, na vijana waliopanda basi la Dar es Salaam wakiwa na begi moja. Kwa hiyo Agosti 2017, Rais Magufuli na Rais Museveni walipoweka jiwe la msingi pale Chongoleani, nilifurahi kwa moyo wangu wote. Nilitaka bandari ya kwetu iamke. Matamanio hayo siyaonei haya hata leo.

Kisha, tarehe 15 Septemba 2022, Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kulaani ukiukwaji wa haki za binadamu kuhusiana na miradi ya mafuta ya Uganda na Tanzania, na kuitaka kampuni ya TotalEnergies itenge mwaka mmoja kuchunguza kama bomba linaweza kupita njia nyingine. Damu ilinichemka. Nilijiuliza mabara yaliyojengwa kwa makaa na mafuta yanapata wapi ujasiri wa kutuamulia tuendelee kuwa maskini kwa faida ya hewa waliyoichafua wao. Nilikaa mezani nikaandika kwa hasira, na kila aya ilikuwa jibu kwa mbunge fulani wa Strasbourg ambaye hangeisoma kamwe.

Walioisoma walikuwa Kiteto.

Tarakimu zangu hazikuwa na kasoro. Niliandika kwamba bomba lina urefu wa kilometa 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania, katika mikoa minane kuanzia Kagera hadi Tanga. Nilieleza kwamba mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi na yakipoa huganda, kwa hiyo ni lazima bomba lipashwe joto la nyuzi 50 njia nzima. Nilitaja wanahisa: TotalEnergies asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na kampuni ya China, CNOOC, asilimia 8. Nilieleza pia kwamba ukanda wa ujenzi una upana wa meta 30 tu, kwamba bomba linafukiwa, udongo unarudishwa, majani yanaota tena, na ng'ombe anarudi kula juu yake. Katika hayo yote nilikuwa makini. Palipohitaji makini kuliko pote ndipo nilipoandika bila kuuliza mtu.

Muda si mrefu baada ya makala kutoka, nilipigiwa simu na kijana aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kiteto. Alikuwa na adabu tele.

"Samahani, dada," alisema, "nimesoma uliyoandika. Kiswahili chako ni kizuri. Ila pale uliposema hapana mtu, ndipo anapoishi babu yangu."

Nilimuuliza babu yake ana shamba la ukubwa gani. Nikilikumbuka swali hilo naona aibu, maana ndani yake lilikuwemo kosa zima. Alikaa kimya kidogo, kisha akanijibu kwa upole: "Babu hana shamba, dada. Sisi ni Waakie."

Nilikuwa nalijua jina hilo kutoka vitabuni, kama mtu anavyojua jina la mto asiowahi kuuvuka. Waakie ni watu wachache wa nyika ya Wamaasai, katika Kiteto, Simanjiro na Kilindi, ambao tangu zamani wameishi kwa asali, mizizi, matunda na mawindo. Majirani huwaita Wandorobo, jina lenye dharau ndani yake. Lugha yao ni ya jamaa moja na Kikalenjin, na wanaoizungumza sasa ni wachache mno. Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Nilipoandika kuhusu Kiteto hayakunijia akilini hata mara moja.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumwona mzee huyo. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanipa kigoda, na hakutaja makala. Alinichukua tukatembea. Mti mmoja mkubwa wa mbuyu ulikuwa wa baba yake, na sasa ni wa mpwa wake. Mzinga uliotundikwa juu ya mti mwingine ulikuwa wa mtu aliyekwenda kutibiwa mjini Kibaya, na wakati wote asipokuwepo hapana mwingine awezaye kuufungua. Bonde lile lilikuwa na mizizi ya kuchimbwa wakati wa kiangazi, likiachwa kwa makusudi wakati wa mvua. Chini ya mti fulani palikuwa mahali pa kuomba, ambapo wazee huwapa waliotangulia sehemu yao ya asali. Alinionyesha pia mlembe, ndege yule anayelia na kuruka mbele ya mtu mpaka amfikishe kwenye nyuki. Kwa mzee huyo ndege naye alikuwa na stahili yake, na asiyemwachia kitu baada ya kurina alihesabiwa mtovu wa adabu.

Nilitembea naye nikiwa kimya. Kila nilipotazama na kuona kichaka, yeye aliona jina la mtu.

Tulipopumzika ndipo aliponiambia lililokuwa moyoni mwake. "Mwanangu, mkulima akisafiri miezi mitatu, shamba linabaki kuwa lake. Mimi nikihama msimu mmoja kufuata maua, mnasema ni pori."

Sikuwa na jibu. Mimi ni mjukuu wa wakulima, na ardhi nimeijua kwa jembe. Kwa macho yangu ardhi yenye mtu ni ile iliyolimwa, yenye mpaka wa minyaa au minazi, yenye nyumba pembeni. Nilipoiangalia Kiteto kwenye ramani nilitafuta alama hizo, na nilipozikosa nikaandika kwamba hapana mtu. Sikujua kwamba nilikuwa natumia kipimo cha kwetu kupimia maisha ya watu wengine.

Hata ile hoja niliyoiona madhubuti kuliko zote, ya udongo kurudishwa na majani kuota, nilianza kuiona upya pale. Kwa mfugaji ina ukweli wake, kwa sababu uhai wake uko kwenye majani, na majani yatarudi. Lakini juu ya bomba la mafuta haipandwi miti yenye mizizi mirefu. Kwa hiyo mkanda unaokatwa nyikani unarudi kuwa malisho, wala haurudi kuwa msitu. Anayeishi kwa ng'ombe amepoteza msimu au misimu miwili. Anayeishi kwa nyuki, kama mti wake ulikuwa ndani ya mkanda huo, amepoteza kitu ambacho hata mjukuu wake hatakiona tena, kwa kuwa mbuyu hauoti kwa mwaka wala kwa miaka kumi. Mkanda ni uleule, upana ni uleule wa meta 30, lakini hasara si moja. Niliandika kana kwamba ni moja, kwa sababu nilidhani ardhi ni kitu kimoja kwa kila mtu.

Uthamini wa ardhi katika nchi yetu nao una kawaida zake. Mthamini anakadiria ardhi, mazao na majengo, kisha anaongeza posho ya usumbufu, ya makazi, ya usafiri, na hasara ya faida. Ni utaratibu unaomlinda mkulima kwa kiasi kikubwa, na hilo nalishukuru. Lakini fikiria fomu hiyo mikononi mwa mzee niliyetembea naye. Atajaza zao gani? Jengo lipi? Njia ya nyuki ataiandika wapi? Mahali pa kuwaombea waliotangulia pana bei gani?

Sheria yenyewe ina ufa mahali hapo, nami nilikuwa naujua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, inaingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyotungwa mwaka uleule, haina maneno hayo. Wanasheria wamelijadili pengo hilo miaka mingi, maana ardhi inayosemwa haitumiki inaweza kuteleza kutoka mikononi mwa kijiji. Swali kubwa ni nani anayesema haitumiki. Mara nyingi anayesema ni mtu asiyejua matumizi yake. Mwaka 2022 mtu huyo nilikuwa mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sikuwa mjinga wa historia. Katika mkoa wa Manyara, iliko Kiteto, tangu miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilichukua karibu ekari 100,000 za Wabarabaig huko Hanang, katika nyanda za Basotu, ili kulima ngano kwa msaada wa Canada. Malisho bora kabisa ya watu wale yalihesabiwa kuwa ardhi isiyotumika vizuri. Matrekta yalipita hata juu ya bung'eda, yale makaburi ya vichuguu wanayojengewa wazee waheshimiwa, ambako watu walikuwa wakienda kusema na wazazi wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, kisha Mahakama ya Rufani ikautengua. Ngano ile nayo haikudumu kuwa neema iliyoahidiwa. Nilisoma habari hizi nikiwa mwanafunzi na nikasikitika. Ilipofika zamu yangu ya kuandika, nikawatendea Waakie kwa kalamu yale waliyotendewa Wabarabaig kwa trekta.

Lipo jambo jingine ambalo sina budi kuliungama. Mwaka 2016, watu wa Standing Rock, Wasioux wa Dakota Kaskazini huko Marekani, walipopiga kambi kulizuia bomba la Dakota Access lisipite chini ya Ziwa Oahe, niliandika habari zao kwa uchungu. Nilieleza jinsi maji yale yalivyo uhai wao, jinsi ardhi ile ilivyo na makaburi ya wazee wao, na jinsi njia ya awali iliyopendekezwa kupita kaskazini ya mji wa Bismarck ilivyoachwa, mojawapo ya sababu ikiwa ni usalama wa visima vya maji vya mji huo. Wasomaji walinisifu. Kuwatetea Wasioux hakukunigharimu kitu, kwa kuwa bomba lao halikuwa linakuja kuamsha bandari yangu. Lilipokuja bomba lenye faida kwangu, macho yaliyoona makaburi ya Dakota hayakuona mahali pa maombi pa Kiteto.

Nilijificha pia nyuma ya msemo ambao sisi Watanzania tunaupenda: sote ni wenyeji wa nchi hii, hakuna mwenyeji zaidi ya mwingine. Msemo huo nimelelewa nao na una heshima yake. Umetusaidia kujenga taifa lisilogawanyika kwa makabila, na sitaki kuona siku utakapokufa. Lakini niliutumia kumfunika mtu badala ya kumlinda. Septemba 2007, Umoja wa Mataifa ulipopitisha azimio juu ya haki za watu wa asili, Tanzania ilipiga kura ya kuunga mkono. Na nyaraka za mradi wa bomba zenyewe zinawataja Waakie, Wataturu, Wabarabaig na Wamaasai kuwa jamii zilizo hatarini zinazojitambulisha kuwa watu wa asili, zinazostahili kushauriwa kwa namna yao. Nilizikuta nyaraka hizo baadaye, wakati zilikuwepo siku zote. Kampuni za nje zilikuwa zimewaandika watu hawa kwa jina. Mimi, mzaliwa wa nchi hii, ninayeandika kwa lugha ambayo mjukuu wao anaifundisha shuleni, nilisema hawapo.

Madhara yake niliyajua kule kijijini, na hayakutokea nilikotarajia. Nilidhani kama makala yangu imemdhuru mtu, basi imemdhuru mbele ya watu wa bomba. Sivyo. Kijiji kilikuwa katika mabishano ya mpango wa matumizi ya ardhi, na baadhi ya wakulima waliohamia eneo lile walitaka sehemu ya nyika ya Waakie igawiwe kuwa mashamba ya mahindi na alizeti. Mmoja wao alisimama kwenye mkutano akiwa na nakala ya makala yangu, akasoma ile sehemu kwa sauti. Akasema: hata mwandishi wa gazeti anajua kwamba kule ni pori tupu. Mwalimu aliyenipigia simu alikuwepo, na babu yake pia. Mzee aliisikia sentensi yangu ikisomwa mbele ya majirani zake, kwa Kiswahili kile kizuri alichokisifia mjukuu wake.

Nilikuwa nimeandika juu ya mafuta, ikatumika kwa mahindi. Hapo nilielewa kitu ambacho mijadala yetu ya bomba, ya wanaolitaka na wasiolitaka, huwa inakiruka. Tunagombana kuhusu Paris, Kampala na Dodoma, tunahesabu mapipa na hewa ukaa, na katika ugomvi huo Muakie anakuwa kielelezo cha hoja. Anayelipinga bomba anamchukua kama picha ya huruma, anayelitetea anamfuta kwenye ramani. Ugomvi ukiisha kila mmoja anarudi kwake, naye anabaki na majirani waliosikia kwamba ardhi yake haina mwenyewe. Bomba linapita mara moja. Uvumi kwamba pale hapana mtu unabaki, na kila mwenye jembe, mwenye mifugo, mwenye kampuni ya uwindaji au mwenye mradi wa kuuza hewa ukaa anaweza kuuokota na kuutumia.

Nilirudi Tanga nikiwa nayajua hayo yote, na nikanyamaza. Hili ndilo kosa la pili, nami naliona zito kuliko la kwanza. Kosa la kwanza lilitokana na hasira na kutojua. Hili la pili nililifanya nikiwa najua. Nilijiambia nasubiri mradi usonge mbele, nasubiri hali itulie, nasubiri nipate nafasi nzuri ya kuandika. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana nimegeuka. Wenzangu waliolipenda bomba wangesema nimenunuliwa na wazungu, na wale niliowatukana wangeshangilia. Nililinda jina langu kwa muda ambao ardhi ya mtu mwingine ilikuwa mezani inajadiliwa. Mwandishi anayejua kwamba maneno yake yanamuumiza mtu, akayaacha yaendelee kufanya kazi, hana pa kujitetea.

Sasa niseme ninachokitengua na nisichokitengua, ili mtu asinielewe vibaya.

Sitengui haki ya nchi maskini kubishana na nchi tajiri juu ya nani apunguze moshi kwanza. Sitengui hamu yangu ya kuiona Tanga ikisimama tena. Watu wenye nia njema wanaweza kutofautiana kuhusu bomba hili, na ubishi huo ni wa halali.

Natengua dai kwamba nyika ya Kiteto na Kilindi ni tupu. Natengua dai kwamba ardhi isiyolimwa haina mwenyewe. Natengua dai kwamba udongo ukirudishwa basi hasara imekwisha kwa kila mtu. Natengua pia ile namna niliyowaweka wanaolalamika wote katika kapu moja, kana kwamba anayeulilia mzinga wa baba yake ametumwa na Bunge la Ulaya.

Na kwa wanaosema haiwezekani kisheria kumlinda mtu asiyelima, jibu lipo hapahapa nchini. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hatimiliki ya kimila ya pamoja, ya kwanza ya aina yake Tanzania, chini ya Sheria ileile ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ardhi yao iliandikwa kuwa ardhi ya kurina, kuchimba mizizi na kuwinda, na kuwa hivyo kukahesabiwa matumizi halali. Haikuhitajika katiba mpya. Walihitajika watu waliokubali kutembea na wenye ardhi, kuwasikiliza, na kuandika walichoonyeshwa. Hayo ningeweza kuyafanya kabla ya kushika kalamu.

Kwa Waakie wa Kiteto na Kilindi: nilisema hampo, mkiwa mpo. Nilisema ardhi yenu haitumiki, mkiwa mnaitumia kwa namna ambayo sikuwahi kujifunza kuiona. Nilipoonyeshwa, nikakaa kimya. Naomba radhi kwa yote matatu.

Makala yangu ya kwanza ilisomwa mkutanoni kama ushahidi dhidi yenu. Hii nimeiandika ili nayo isomwe. Nakala yake ninaipeleka kwa serikali ya kijiji na kwa ofisi ya ardhi ya wilaya, ikiwa na jina langu na sahihi yangu. Mtu akisimama tena na kusema kwamba hata mwandishi wa gazeti anajua pale ni pori tupu, asomewe hii: mwandishi huyo alikosea, amekwenda akaona, na anathibitisha kwamba pale pana watu na ardhi ile ina wenyewe.